Mpe Mtoto Kamba, Usimpe Kiti

Kila nikisema tulikwenda Uturuki likizo ya kuendesha chombo cha tanga, watu huniuliza bei, halafu huniuliza nahodha alikuwa nani. Bei ilikuwa euro 3,400 kwa wiki ya mwisho ya Julai, chombo cha futi 38, watu sita, bila chakula wala dizeli. Nahodha nilikuwa mimi. Mabaharia walikuwa wanangu watatu, wa miaka 14, 11 na 7. Mume wangu alishika jiko. Baba yangu, aliyekuja kwa ndege kutoka Dar hadi Istanbul kutuona, na ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha jahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa, alikaa tezi, nyuma ya chombo, na kutazama.

Pwani tuliyopita ni ile ya kusini-magharibi, kutoka Göcek hadi Kekova na kurudi. Milima ya misonobari inashuka hadi majini, na ghuba zimefuatana kiasi kwamba unaweza kupata chai kwenye moja na chakula cha mchana kwenye nyingine. Wengi huizunguka kwa guleti, vyombo vikubwa vya mbao vyenye mpishi na mabaharia wake, na mara nyingi huviona vikienda kwa injini huku tanga limefungwa. Mtu aliyechoka anayetaka kulala juani sina ugomvi naye. Lakini mzazi mwenye watoto namwambia wazi: usilipe watu wakufanyie kazi ambayo ndiyo likizo yenyewe. Mtoto aliyekalishwa kwenye mto akaletewa juisi ataikumbuka juisi.

Nina sababu ya kulisema hili kwa nguvu. Nilizaliwa Tanga, nyumba yetu ikisikia mawimbi usiku. Kaka zangu walipandishwa jahazini wakiwa bado hawajaota meno ya pili. Mimi nilipeleka chakula ufukweni, nikasimama mpaka chombo kikapungua machoni, nikarudi nyumbani na vyombo vitupu. Hakuna aliyenikataza kwa maneno; ilikuwa tu haijafikiriwa kwamba msichana atataka. Kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, nilijifunza nikiwa na miaka 36, Hamburg, kwenye ziwa la Alster, kwa Kijerumani. Siku niliyopewa cheti nilimpigia Baba simu. Alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu," kisha akakaa kimya kwa muda mrefu, na sikujua kimya kile nikiweke wapi.

Asubuhi ya kwanza kule ghubani nilimkuta amesimama omo, mbele ya chombo, anakagua miamba. Alikuwa anatafuta alama ya maji. Tanga wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maisha yote ya pwani yamepangwa kwa saa ya maji: lini chombo kitoke, lini kikalishwe mchangani kipakwe shahamu, mafuta ya kulinda mbao. Mediterania maji hayatoki. Tofauti kati ya kujaa na kupwa upande ule ni ndogo mno, hutaiona usipopima. Baba aliangalia tena jioni, na asubuhi iliyofuata, ndipo akaniambia, "Bahari hii haipumui." Lakini ndiyo maana pale unaweza kuweka nanga mbele, ukarudi kinyumenyume hadi karibu na mwamba, ukafunga kamba ya tezi nchi kavu na kulala salama usiku kucha. Kwetu ungeamka umekaa kwenye matope.

Ile kamba ya tezi ilikuwa kazi ya mwanangu wa kati. Aliruka nayo majini, akaogelea, akapanda mwambani na viatu vya mpira, akaizungusha na kuirudisha chomboni. Mara ya kwanza ilimchukua dakika ishirini, mimi nikipambana na usukani ili upepo usitusukume ubavuni mwa jirani. Ningeweza kumwambia baba yake aende. Niliuma mdomo. Siku ya tatu alikuwa anamaliza kabla sijazima injini, na jioni hiyo aliogelea kwenda kumsaidia mzee mmoja wa chombo cha pili bila kuagizwa.

Mkubwa alikuwa na usukani na ramani. Mdogo alikuwa mtunza nanga: kazi yake kuhesabu alama za mnyororo unaposhuka na kuzitaja kwa sauti. Mtu mzima anaweza kuona ni kazi ya kumridhisha mtoto. Siyo. Nanga isipopewa mnyororo wa kutosha inakokota, na mimi nikiwa nyuma sioni kinachoendelea omo. Nilimtegemea kweli, naye alijua namtegemea.

Siku ya pili mkubwa alichukua mkanda wa karatasi wa kunata na kalamu, akamwendea babu yake amtajie majina. Kila kamba ikabandikwa jina lake: demani, ile ya kukaza na kulegeza tanga, kisha joshi, amari. Kulikuwa na vitu visivyo na jina kwa Baba, kwa sababu tanga la jahazi linaning'inia kwenye foromali, mti wa juu, na lile la Göcek lina boriti chini yake. Hivyo tuliviacha bila mkanda. Nilipenda alivyokataa kubuni.

Jaketi okozi lilikuwa sheria isiyo na mjadala, hata ghubani, kwa mdogo. Usiku mmoja mkubwa aliniuliza kama hii ndiyo bahari ya wale watu wa maboti. Alikwisha kusikia shuleni habari za Alan Kurdi, mtoto mdogo wa Kisiria aliyekutwa ufukweni karibu na Bodrum Septemba 2015. Nikamwambia ndiyo, ni pwani hii hii, magharibi zaidi. Baba alikuwa anasikiliza. Watu weusi kwenye chombo kidogo Mediterania: nadhani kila Mwafrika anayepita pale anayabeba mawazo hayo, na mimi sioni haki ya kuwaficha watoto. Kesho yake mkubwa ndiye aliyekagua mikanda ya jaketi zote.

Kati ya Kaş na Kekova tulipita rasi ya Uluburun. Ukiitazama ni jabali tu linaloingia baharini. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aitwaye Mehmed Çakır aliona chini yake vitu alivyovieleza kuwa ni biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa shaba. Meli ilizama pale mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo, na kuanzia 1984 hadi 1994 watafiti wakiongozwa na George Bass, kisha Cemal Pulak, waliichimbua kwenye kina cha zaidi ya mita 40. Ndani mlikuwa na tani kama 10 za shaba, bati, vioo vya rangi, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni. Na mlikuwa na magogo meusi.

Magogo yale ni mpingo. Ni mti ule ule, kwa jina lake la kisayansi Dalbergia melanoxylon, ambao Wamakonde wanauchonga. Sisemi ulitoka Lindi. Mpingo unamea pia Sudan na Ethiopia, na huenda ulipitia mikononi mwa Wamisri kabla ya kufika baharini. Lakini nilipomweleza Baba, aliyewahi kubeba mpingo kwenye jahazi lake, hakushangaa kabisa. "Mpingo hauelei," alisema. "Mti mwingine ungekwenda na maji. Huo umewangoja." Mdogo akauliza umengoja miaka mingapi. Tukapiga hesabu pamoja: zaidi ya 3,300. Wiki nzima sikupata somo la historia lililoingia kama lile, na hakuna jumba la makumbusho ambalo lingeniwezesha kulitoa vile, ingawa vitu vyenyewe vimehifadhiwa vizuri kwenye ngome ya Bodrum na nataka wavione.

Kekova nitaipita haraka. Kuta za mji zimezama kwa matetemeko ya zamani, ngazi zinashuka majini zikapotea, na kuogelea juu ya magofu hakuruhusiwi. Panastahili. Ila siku za Julai guleti ni nyingi mno.

Kilichonifanya niandike ni siku ya kurudi. Kiangazi upepo wa kule, wanauita meltem, unatoka kaskazini-magharibi. Asubuhi umelala, mchana unaamka na hasira. Kati ya Kalkan na Ölüdeniz kuna Yedi Burun, yaani rasi saba, na hakuna pa kujificha. Sheria ni kung'oa nanga alfajiri. Tuling'oa saa tatu asubuhi, kwa sababu niliona watoto wamelala vizuri nikawahurumia. Lilikuwa kosa langu, na huruma ile haikuwasaidia. Kufika saa saba mchana upepo ulikuwa usoni, mawimbi yanarudi kutoka majabalini na kugongana na yanayokuja. Nilipunguza tanga. Mdogo nilimfunga kwa mkanda wake karibu nami. Mume wangu alikuwa chini, anatapika. Mkubwa alikuwa kwenye usukani na nilitaka kumnyang'anya. Mikono yangu ilikwisha kunyooka.

Baba alinishika mkono. Ndipo akazungumza, si nami, bali na wa kati aliyekuwa kwenye winchi ya kukazia kamba. "Mjukuu wangu, tanga linakabwa. Legeza demani kidogo, lipumue."

Mtoto wa Hamburg aliangalia mkanda wa karatasi, akapata neno, akalegeza. Chombo kikanyanyuka. Mkubwa akahisi usukani umekuwa mwepesi, akacheka kwa sauti katikati ya maji ya chumvi. Tulipiga bisho kwa muda wa saa nne, Baba akitaja, watoto wakitenda, mimi nikishughulika na ramani tu. Tulipoweka nanga nyuma ya kisiwa cha Gemiler jua limekwisha kuzama, mama mmoja wa Kituruki alitupitia na kimashua chake akiuza gözleme za jibini. Baba alikula tatu, akaziita chapati.

Usiku ule, wengine wamelala, aliniambia, "Wewe nilikuacha ufukweni." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Hatukuongeza kitu.

Mwakani, tukijaliwa, nitakwenda Juni kabla upepo haujakomaa, hata kama itabidi niombe shule ruhusa. Lakini kwanza Desemba hii, kaskazi ikiingia, tunakwenda Tanga. Baba amekwisha kuzungumza na mtu wa Pangani mwenye mashua. Juzi kanipigia kuuliza atafute mabaharia wangapi. Nimemwambia asitafute, anao wanne.