Sebule ya tofali haitaki spika kubwa

Geuza ile sabufa ya dukani uitazame mgongoni. Mbele, kwenye boksi, imeandikwa wati 12,000 PMPO kwa herufi za dhahabu. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kibandiko kidogo: volti 220–240, hezi 50, wati 60. Hicho cha nyuma ndicho kinachosema kweli. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa hata hizo 60 za muziki mfululizo, sembuse elfu kumi na mbili. PMPO, yaani eti nguvu ya kilele cha papo hapo, haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujiandikia kinachouza.

Swali la "ina wati ngapi?" ndilo linaloharibu ununuzi wa spika kuliko lolote. Mtu akishalishikilia hilo, kila kinachofuata kinamsukuma kwenye ukubwa: boksi kubwa, koni kubwa, besi ya kukita hadi kwa jirani. Msimamo wangu ni kinyume. Kwa sebule zetu za kawaida, jozi ya spika ndogo za sentimita 30 hadi 38 kwenda juu, wufa moja ya sauti za chini na twita moja ya sauti za juu, si chaguo la asiye na hela. Ndilo chaguo sahihi hata kwa mwenye nazo.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 3.5: kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba kwa mbili, kisha igawe 343 kwa jibu hilo, utapata noti ambayo chumba chenyewe kinapenda kuiimba. Kwa mita 4 ni hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, kwa mita 3.5 ni hezi 49. Spika ikizigusa noti hizo, tofali haimezi kitu, inazirudisha karibu zote. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za fremu za mbao na mbao za jipsamu, na kuta hizo hutikisika kidogo na kula sehemu ya besi. Kumbuka hilo ukisoma mtu wa huko akiisifia spika kwa besi yake nzito. Kwetu besi haina pa kutokea ila dirishani, na kidogo darini. Ndiyo maana spika ndefu ya kusimama sakafuni, inayoshuka hadi hezi 35 bila jasho, ikiingia humu inakuwa ngoma moja: gitaa la besi lipige noti gani, unachosikia ni mvumo uleule, na mwimbaji amezama ndani yake.

Spika ndogo huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 55 au 60, yaani kabla ya kuufikia mtego wa hizo noti za chumba. Unakosa nini? Kidogo kuliko unavyodhani. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41. Kwenye spika ndogo noti hiyo bado inasikika, maana haiji peke yake. Inakuja na ndugu zake wa hezi 82, 123 na kuendelea, na sikio huwatumia hao kuijenga ile ya chini. Ukuta nao unaongezea chake. Kitakachokosekana kweli ni ule mtikiso wa kifuani. Anayeuhitaji aongeze sabufa ya peke yake baadaye, yenye amplifaya ndani, aikate kwenye hezi 70 au 80 ili ipige za chini ya hapo tu, na aweze kuizima usiku watoto wakilala.

Waingereza walishalipitia tatizo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, BBC ilihitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo fundi na mitambo wanabanana. Ikazaliwa LS3/5A: boksi la takriban sentimita 30 kwa 19 kwa 16, lililofungwa pande zote, lenye wufa B110 na twita T27, zote za KEF, kiwanda cha spika cha Uingereza. Kazi yake kuu ilikuwa sauti ya binadamu, mtangazaji asikike kama mtu aliyeketi mbele yako. Wahandisi waliinyanyua kidogo besi ya juu ili sikio lisilione pengo la chini. Hadi leo kuna wanaoitengeneza. Adhabu yake ni kwamba inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 au 83 tu kwa wati moja, kwa hiyo inadai amplifaya yenye nguvu.

Na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwenye karatasi kabla ya wati: desibeli zinazotoka kwa wati moja, zikipimwa mita moja mbele ya spika. Kila desibeli 3 ni sawa na kuizidisha amplifaya mara mbili. Spika ndogo ya Wharfedale Diamond 12.1 imeandikwa 88. KEF LS50 ya mwaka 2012 imeandikwa 85. Kwa hiyo sauti ambayo ya kwanza inaitoa kwa wati 25, ya pili inaidai wati 50. Si kwamba 85 ni mbaya. Boksi dogo likitaka besi ya chini lazima lilipie mahali fulani, na hulipia hapo.

Ila usiogope hesabu. Ukikaa mita 2.5 kutoka kwenye jozi ya desibeli 85, wati moja kila upande inakupa desibeli 80 au zaidi kidogo. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wati 10 zinakufikisha 90, na hapo mtu wa jikoni anaanza kulalamika. Zinazobaki ni akiba ya mapigo ya ghafla ya ngoma. Amplifaya ya wati 40 au 50 za kweli, zile za mfululizo zinazoandikwa RMS, inatosha sebule hii.

Kuna ujanja mmoja kwenye karatasi hizo. Viwanda vingi hupima kwa volti 2.83 badala ya wati. Kwa spika ya omu 8 (omu hupima jinsi spika inavyoukinza umeme) hiyo ni wati moja sawasawa. Kwa ya omu 4 ni wati mbili. Ukiona omu 4 na desibeli 88, ondoa 3 kabla ya kulinganisha. Na hiyo "omu 8" yenyewe ni jina tu. LS50 imeandikwa omu 8 lakini kuna mahali inashuka hadi 3.2. Amplifaya ya zamani iliyoandikwa nyuma kwamba haitaki chini ya omu 8 itachemka nayo, itanuka, kisha itajizima ukiwa na wageni. Vilevile kuwasha pamoja vitufe vya A na B, yaani jozi mbili za spika za omu 8, kwa amplifaya nyingi ni kuipa mzigo wa omu 4.

Wengine hununua amplifaya dogo wakidhani wanailinda spika. Amplifaya iliyokamuliwa mpaka sauti inapasuka hukata wimbi kichwa, na wimbi lililokatwa huzaa sauti kali nyingi za juu ambazo zote zinaangukia kwa twita. Twita ya inchi moja haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu koni: ili ishuke oktava moja, yaani hadi nusu ya hezi, kwa sauti ileile, inabidi iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Kwa hiyo koni ya sentimita 10 waachie wanaosikiliza mezani. Ya sentimita 13 inafaa chumba kisichozidi mita za mraba 12. Kwa sebule yetu ya mita 14 ningechukua ya sentimita 16.5 bila kufikiri sana. Ile alama ya "hezi 45 hadi 20,000" isiyosema ni kwa kupungua desibeli ngapi, ipite tu.

Waingereza huziita spika za rafu ya vitabu, na jina hilo limewaponza wengi. Ukiisukumiza spika ndani ya kabati la TV, mbao tatu zinazoizunguka zinavimbisha besi na sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya pipa. Yenye tundu la kutolea besi nyuma ndiyo inayoteseka zaidi. Iachie walau sentimita 30 hadi ukutani. Kama nafasi haipo, nunua yenye tundu mbele au isiyo na tundu kabisa, au ziba tundu kwa sponji laini. Soksi iliyokunjwa inafanya kazi ileile.

Twita iwe usawa wa sikio la aliyekaa. Kwenye makochi mengi hiyo ni sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, kwa hiyo stendi ya sentimita 60 hivi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea za bomba la mraba. Mwambie aache tundu juu ili ulijaze mchanga mkavu, la sivyo bomba litalia kama kengele. Njia ya bei rahisi kuliko zote ni tofali za inchi 6, zile za sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15. Moja ilaze, nyingine isimamishe juu yake: 15 na 45 ni 60 kamili. Ziunganishe kwa saruji, hasa penye watoto, zipige rangi. Juu yake weka vipande vinne vya ndala kuukuu, spika ikae hapo. Haitelezi, na mtikiso haushuki.

Kisha pima pembetatu. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani kwako, mita 2 hadi 2.5. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati, mahali pasipo na spika. Akionekana ametawanyika, na besi imekuwa nyembamba ghafla, waya wa upande mmoja umegeuzwa. Kama waya hauna alama, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake mara moja tu: koni ikitoka nje, ncha iliyogusa upande wa juu wa betri ndiyo chanya.

Kuhusu waya wenyewe usiibiwe. Shaba ya milimita za mraba 2.5 ya duka la vifaa vya umeme, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.07. Ya nusu milimita ya mraba ni 0.34, na hapo besi inaanza kulegea. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Halafu piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaokimbia kati ya kuta, hakuna spika itakayokufaa mpaka utandike zulia kati yako na spika na kuning'iniza pazia zito. Hela ya zulia ifanye kazi kabla ya hela ya amplifaya ya pili.

Mtumba ni mzuri kwa anayejua kukagua. Tazama kwanza ule ukingo unaoshika koni. Wa sponji hulika wenyewe baada ya miaka 10 hadi 15, na kwenye joto na unyevu wa pwani sina imani nao hata kidogo. Ukibonyezwa unabaki vumbi jeusi kidoleni. Wa mpira hudumu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vinne: ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Weka mita ya fundi umeme, ya kupimia omu, kwenye vituo vya nyuma. Ya omu 8 husoma kama 6 au 7. Mita haitakuambia lolote kuhusu twita, kwa sababu kapasita ya ndani inaizuia, kwa hiyo inamisha sikio karibu nayo muziki ukilia. Kwa watu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kagua pia chini ya boksi. Mbao ya unga ikishakunywa maji huvimba kwenye kona na hairudi.

Jaribu kwa taarabu ya zamani. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zikitenganika, na mwimbaji akibaki mbele yao, hiyo spika ina kichwa. Mwambie muuzaji azime kwanza vitufe vyote vya kuongeza besi.

Na amplifaya ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100. Transfoma nyingi za madukani ni za 220 kwenda 110, na ukiichomeka kwenye 240 ya Nairobi inatoa 120, asilimia 20 zaidi ya inavyohitaji. Tafuta inayotoa 100 kwa umeme wako halisi, na kwenye plagi ya amplifaya bandika karatasi yenye wino mwekundu, "100V", kabla mtu wa nyumbani hajaichomoa na kuichomeka ukutani moja kwa moja.