Zege Hufunikwa, Kibarua Je?

Februari iliyopita, kwenye mjengo ulio mkabala na kwetu Tudor, Mombasa, kijana mmoja mbeba karai aliketi ghafla juu ya rundo la kokoto mwendo wa saa saba mchana, zege likamwagika miguuni pake, naye akawa anajibu mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Fomeni alimtazama, akasema, “Huyo mgeni wa kazi, atazoea,” kisha akaita mwingine ashike karai. Wenzake ndio waliomkokota hadi kivulini na kummwagia maji ya pipa.

Ni kweli mwili huzoea joto, lakini huchukua wiki moja hadi mbili, tena mtu akianzishwa polepole. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inashauri kwamba mfanyakazi mpya siku ya kwanza asikae kwenye joto zaidi ya asilimia 20 ya muda wa kawaida, kisha aongezewe kidogo kidogo kila siku. Kibarua wetu hupewa jua zima tangu siku ya kwanza. Nyuzi 32 au 33 za kaskazi huenda zikaonekana haba mbele ya zile za Garissa, ila hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na jasho linalotiririka bila kukauka halipozi mwili. Anayeyumba na kupayukapayuka amekwisha kupita hatua ya kupewa gilasi ya maji. Hupozwa kwa kumwagiwa maji na kupepewa pale pale, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa, na wenye miradi wengi huweka mtungi wakaona wamemaliza. Kwa maoni yangu, kinachomuumiza kibarua ni saa za kazi: analipwa kwa siku, na akiketi kidogo anahesabiwa mvivu, kwa hiyo mtungi anaupita tu. Na Ramadhani, ambayo miaka hii imeangukia Februari na Machi, mtungi huo unamfaa nini aliyefunga? Qatar, walikokwenda vijana wetu wengi kutafuta riziki, tangu 2021 imepiga marufuku kazi za juani baina ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Hapa kwetu ingetosha, msimu wa kaskazi, kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi na isimame saa sita, malipo ya siku yakibaki kamili.

Nitaambiwa slabu ikianza kumwagwa haikatizwi. Basi ianzwe alfajiri, kama wahandisi wenyewe wanavyopendelea wakati wa joto, wakihofia zege kukauka upesi na kupasuka. Jioni ya siku ile kijana alipoketi kokotoni, nilimwona fundi akiitandikia slabu magunia yaliyoloweshwa, na kwa siku saba mfululizo akawa anarudi kuyanywesha maji.