Picha za Betri Ikiwa Kazini: Nionyesheni Kwanza Mchoro wa Volteji

Ukifungua betri ya elektroliti ngumu (yaani ambayo dutu inayopitisha ioni kati ya elektrodi, ncha zake mbili, ni yabisi badala ya kimiminika) baada ya kupiga shoti, utakuta nyufa zimejaa lithiamu. Ni rahisi kudhani lithiamu ndiyo iliyopasua njia tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliipiga picha za eksirei za pande tatu betri yenye elektroliti ngumu ya Li6PS5Cl (mchanganyiko wa lithiamu, fosforasi, salfa na klorini) ikiwa inachajiwa. Waliona ufa ukitangulia na lithiamu ikifuata nyuma, ikiutanua kama kabari. Ufa ulifika upande wa pili kabla ya lithiamu, yaani kabla ya shoti. Mfuatano huo betri iliyokwisha kufunguliwa haiwezi kuuonyesha, na ndiyo maana nazithamini sana picha hizi.

Lakini nazishuku hadi nione mchoro wa volteji, unaonionyesha kama seli iliyopigwa picha ilifanya kazi kama betri ya kawaida. Ili eksirei zipenye, seli ya majaribio huwekewa dirisha jembamba, mara nyingi la plastiki ya poliimidi. Plastiki hiyo hupinda, shinikizo hupungua mahali palepale panapopigwa picha, na elektrodi ya hapo huchelewa kuchaji kuliko kwingine. Kwa lithiamu ya metali hali ni mbaya zaidi: wakati wa kutoa umeme, shinikizo likiwa dogo, lithiamu huondoka haraka kuliko inavyojazwa, mashimo hutokea kwenye mpaka wa lithiamu na elektroliti, na mkondo hujikusanya sehemu chache. Kwa hiyo ripoti isiyotaja shinikizo kwa megapaskali na mkondo kwa miliampea kwa sentimita ya mraba hainisaidii.

Miale nayo huharibu. Elektroliti ya kimiminika ikimulikwa sana huvunjika na kutoa viputo vya gesi ambavyo mtu anaweza kudhani ni tabia ya betri. Dawa yake inajulikana: endesha seli pacha isiyomulikwa, kisha mwishoni piga picha sehemu ambayo mwale haukuigusa. Matokeo yakitofautiana na ya seli iliyomulikwa au sehemu iliyomulikwa, punguza dozi ya miale na uanze upya.

Tena, lithiamu ina elektroni tatu tu, hivyo eksirei huipita karibu bila kuiona; ndani ya ufa mwembamba, lithiamu na uwazi hufanana. Picha za nyutroni huiona vizuri, hasa lithiamu-6 (isotopu nyepesi ya lithiamu), ila huchukua muda mrefu na hazina undani kama wa eksirei. Anayedai ameona lithiamu kwa eksirei peke yake aeleze aliitofautishaje na ufa mtupu.