Mgebuka aliyekakamaa anunuliwe kwanza

Wapo wanunuzi kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wanaomwinua mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa kichwa, na wakiona mkia hauning'inii, humrudisha kwenye beseni. "Huyu kakaa." Kisha huchukua aliyelegea. Kwa maoni yangu wanageuza mambo juu chini. Mgebuka huvuliwa usiku kwa taa. Ikifika saa tatu asubuhi, aliyelegea bila kuguswa na barafu hatoki majini sasa hivi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba alishakakamaa na ukakamavu umepita.

Mwenye kosa hili hajaambiwa habari za miosini, protini inayovuta msuli. Ndani ya msuli kuna nyuzi nene za miosini na nyembamba za protini nyingine, aktini, zinapishana. Uzi mnene mmoja una vichwa vya miosini takriban 300, na kila kimoja hufanya kazi kama kafi: hushika aktini, huvuta nanomita 5 hadi 10 hivi, huachia, hushika tena mbele. Wengi hudhani nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inahitajika katika kushika. La. ATP inaponasa kwenye kichwa ndipo kinapoachia; ikivunjwa, kichwa hujiweka tayari kwa mvuto mwingine.

Samaki akifa, oksijeni haifiki, glikojeni (akiba ya sukari ya msuli) inakwisha, ATP nayo inakwisha. Kalsiamu huvuja ndani ya seli na kufungua sehemu za aktini zilizokuwa zimefunikwa. Vichwa vinashika na hakuna cha kuviachisha. Aliyehangaika sana wavuni hukakamaa mapema, maana akiba alishaimaliza akiwa hai. Joto nalo huharakisha kila kitu: ukakamavu huja upesi, huwa mkali, na hupita upesi. Kwenye barafu unaweza kudumu siku nzima au zaidi, na bado huyo ni samaki mzuri.

Kulegea baadaye hakumaanishi kwamba miosini imeachia! Vimeng'enya vya msuli wenyewe vimekata protini zinazoshikilia nyuzi mahali pake. Bakteria hawako mbali.

Kwa hiyo weka barafu iliyopondwa, kilo 1 kwa kilo 1 ya samaki, tabaka juu ya tabaka, kwenye chombo kinachotoa maji chini. Usimkunje aliyekakamaa ili aenee kwenye ndoo. Vichwa havitaachia, kitakachochanika ni utando mwembamba unaounganisha vipande vya nyama, na mnofu utajaa mianya. Ukitoa minofu kabla hajakakamaa, itajikunja na kufupika, kwa kuwa hakuna mfupa wa kuizuia. Bora asubiri kwenye barafu mpaka alegee.

Miosini haiko msulini tu. Jamii yake nyingine hukaza mkanda unaoigawa seli kuwa mbili, na aina iitwayo miosini ya tano hubeba mizigo ndani ya seli kwa hatua za nanomita 36. Shuleni haya hupitiwa mbio mbio, nami naona ni hasara.

Jikoni nako ipo. Nyama ya samaki iliyosagwa, kilo 1 kwa gramu 25 za chumvi, ikikandwa ingali baridi hunata yenyewe bila yai wala unga, kwa sababu chumvi huyeyusha miosini, na moto huigandisha. Ikipata joto wakati wa kukandwa, miosini huharibika mapema na kababu zitameguka kwenye mafuta.