Sikufa, Nilikuwa Mazoezini

Kwanza niwatoe hofu: sijafa. Pili, sikuwa napungwa mashetani. Tatu, ile picha mliyoiona jana kwenye statasi ya jirani yangu fundi seremala, mtu kafungwa kanga mbili kwenye mlango chini ya mkorosho, ni mimi kweli. Macho nilifumba kwa sababu ya jua. Maneno aliyoyaweka chini, "Mungu mkubwa, karudi", ndiyo yaliyoniletea simu kumi na saba kabla ya adhuhuri, mojawapo ya mjomba wangu wa Newala ambaye alikuwa ameshaanza kuulizia nauli. Kwa hiyo naandika mwenyewe, miguu ikiwa bado inawasha, kabla habari haijafika Tandahimba nimeshazikwa.

Ugonjwa wangu mnaujua, tangu nilipodondoka na maiki mkononi kwenye ile harusi ya Chikongola. Nikilala, moyo unapiga mara 72 kwa dakika. Nikisimama tu, sijakimbia, sijabeba kitu, unafika 118 na dunia inaanza kuhama. Daktari alinifafanulia kwamba kila binadamu akisimama, damu kama nusu lita au zaidi hushuka miguuni na tumboni, na kuna neva ambazo huziamrishi wewe, zenyewe zinabana mishipa damu ipande tena kichwani. Ndizo hizo hizo zinazoangalia presha, jasho na tumbo. Za kwangu zinafanya kazi kama karani wa Ijumaa mchana. Basi keshokutwa Jumatatu napanda basi kwenda Dar kulazwa siku mbili, neva zikapimwe.

Nilipewa karatasi ya maandalizi. Usile kuanzia usiku wa manane. Chai, kahawa na soda za kola uache tangu siku moja kabla. Soksi za kubana usivae siku ya kipimo. Dawa usiache kwa akili yako, subiri uambiwe ipi na lini. Njoo na mtu wa kukurudisha. Halafu vipimo vyenyewe: utapuliza mrija kwa nguvu sekunde 15, utavuta pumzi ndefu mara sita kwa dakika, utapimwa jasho mkononi na mguuni, na utafungwa mikanda kwenye kitanda kinachoinuliwa mpaka nyuzi 70, ukae hivyo hata dakika 40, usiongee, usitikise miguu, waone utazimia au la.

Hapo ndipo akili yangu ya shule ilipoamka. Mimi ni mtoto wa twisheni. Sijawahi kuingia kwenye mtihani wowote bila twisheni, hata ule wa leseni ya pikipiki. Iweje huu, tena wa nauli ya basi, niuendee kichwa kichwa?

Nikamwita fundi. Karakana yake imepakana na ua wangu, na pale ukutani alikuwa ameegemeza mlango wa mninga wa mteja mmoja anayesubiri hela ya korosho ya mnada. Mlango mzito kama deni. Nikamweleza mpango. Mtu mwenye akili angesema, "Mwanangu, kalale." Yeye aliuliza, "Nyuzi ngapi?"

Tukauegemeza kwenye mkorosho wangu, yeye na kijana wake wakishika huku na huku, mimi nikipima kwa kipima pembe cha kwenye mkebe wa hesabu, maana dukani kwangu vimejaa. Nyuzi 70 kamili, sijui kama hata hospitali wanapata hivyo. Nikavaa bukta na fulana nyeupe kwa sababu karatasi imesema nguo nyepesi. Mikanda hatuna, nikaingia ndani nikachukua kanga za mke wangu, mwenyewe alikuwa sokoni. Ya kifuani, na mikono ikiwa ndani yake ili nisishawishike kuitikisa, imeandikwa WEMA HAUOZI. Ya magotini: MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME. Naomba muyakumbuke maandishi hayo.

Dakika ya tatu fundi akapiga picha, eti kumbukumbu ya daktari. Dakika ya nne akanishika mkono kwa juu ya kanga, akahesabu, akasema 112. Nikafurahi! Nafaulu! Dakika ya sita simu yake ikalia. Mwenye mlango.

"Nakuja, dakika moja tu," akaniambia, na kijana wake akamfuata.

Dakika moja ya fundi seremala mnaijua.

Sasa wale wa bara ambao hamjawahi kuishi na mkorosho niwaeleze. Kuna sisimizi wekundu tunawaita maji moto. Wanashona majani wanajenga viota juu, na mkulima wa huku hawaui, maana wanamla yule mbu wa mikorosho anayeharibu machipukizi. Ni walinzi. Mimi nilikuwa nimeegemeza mlango kwenye lango la kambi yao.

Wa kwanza alipita kwenye unyayo, akasimama, kama anasoma kibao. Nikamwambia moyoni, pita baba, hapa hakuna mbu. Akapanda. Kifundo cha mguu. Muundi. Nikakumbuka karatasi: usitikise miguu. Na mimi, wajinga wenzangu, SIKUTIKISA. Nilikuwa nimebakiza dakika 33 na nilitaka alama zangu. Akafika kwenye kanga ya magotini, akasita pale kwenye SHARTI AINAME, akainama, akaingia chini yake. Wenzake walikuwa nyuma, mstari mmoja, kama wanafunzi wanaoenda uwanja wa Mashujaa siku ya sherehe. Aliyetangulia akang'ata. Nadhani ile ndiyo ilikuwa filimbi.

Wakati huo huo bibo lililoiva likaachia tawi, puu, begani. Maji yake yakashuka taratibu kifuani kwenye fulana nyeupe, na doa la bibo halitoki mpaka kiama. Tumbo tupu tangu jana, koo kavu, kahawa sijanywa, kichwa kinagonga. Nikaanza kusikia masikio yanavuma kama niko ndani ya mtungi. Jasho jembamba, la baridi, mchana huu wa Novemba wa Mtwara! Rangi zikaondoka kwenye ua, kwanza kijani ya majani, kisha wekundu wa mabibo, nikabaki na katundu kadogo mbele kama televisheni za zamani ukizizima.

Na ndani ya katundu hako akaingia mama mkwe.

Hakuja peke yake. Alikuja na akina mama watano wa kikundi chao kunipa pole ya safari, na bakuli la ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, kichwani mwa mmoja wao. Wasomaji wangu, mimi kwa mama mkwe sijawahi hata kuvua kofia. Nikila kwao nakaa upande. Leo amenikuta nimening'inia kwenye mlango kwa bukta, kanga ya binti yake kifuani, damu damu za bibo zinanichuruzika, na nzi juu yake. Nilitaka kusema "shikamoo mama". Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka. Ulimi ndio uliotoka.

Nikazima.

Yanayofuata nimesimuliwa. Kichwa kikalala upande. Mmoja akasoma kwa sauti, "Wema... hauozi," halafu kikaanza kilio ambacho wamekisikia hadi barabarani. Mtani wangu mmoja, yeye hata machozi hayajamtoka, akauliza sanda analeta nani. Ndipo kitako cha mlango kikateleza kwenye mchanga, mlango ukashuka gome lote la mkorosho, kwarrrr, ukatua chali na mimi juu yake, kisogo kikagonga mninga.

Sasa daktari alishaniambia: mtu akizimia hospitalini, kitanda kinalazwa mara moja na damu inarudi kichwani. Mlango ulifanya kazi hiyo bila kusomea. Sekunde chache tu nikafumbua macho. Nikaona nyuso sita juu yangu, zimelowa machozi. Mimi akili bado iko kwenye mtihani, nikauliza:

"Dakika ya ngapi?"

Wamekimbia. Mama mkwe ana miaka sitini na kitu na goti bovu, ameruka uzio wa makuti. Ndala moja ninayo hapa. Ming'oko tumeiokota na mke wangu jioni, hatukusemezana.

Nilipiga simu hospitali. Nesi alicheka mpaka akampa simu mwenzake, akarudi akaniambia kwa ukali nisirudie, mtu akizimia amefungwa wima anaweza kufa kweli, kisha akauliza sisimizi wameng'ata mguu upi, maana pale ndipo wanapobandika kifaa cha jasho. Yote miwili, nesi. Safari iko palepale. Wewe unayecheka huko Masasi nakuona.

Mama mkwe nimemtumia salamu na doti ya kanga. Doti imepokelewa, salamu bado.

Ila mwenye mlango ameiona picha. Amesema nyumba mpya hawezi kuingilia kwa mlango uliobeba maiti, na fundi anasema ukiharibu umenunua. Kwa hiyo: unauzwa mlango wa mninga, futi saba kwa tatu, umechubuka kidogo juu, una doa moja la bibo. Uko Magomeni, Mtwara. Bei tutaongea nikirudi Jumatano.