Kituo Kufungwa Wakati wa Baridi Si Uzembe

Nimechoka kusikia kwamba kituo cha utafiti kinachofungwa sehemu kubwa ya mwaka ni bendera tu iliyochomekwa kwenye theluji. Juzi nimeisikia tena, safari hii ikielekezwa kwa Hispania na vituo vyake viwili vya Antaktika: Juan Carlos I katika Kisiwa cha Livingston na Gabriel de Castilla katika Kisiwa cha Deception. Vinafunguliwa kiangazi cha kusini kinapoingia, karibu na Desemba, na ikifika Machi watu wanafunga milango na kupanda meli. Basi aliyekuwa akizungumza akakata shauri kwamba hapo hakuna sayansi ya maana. Amekosea, tena vibaya.

Tazameni kinachofanyika Livingston. Jirani na kituo kuna barafuto mbili, yaani mito ya barafu inayosogea polepole, Hurd na Johnsons, ambazo watafiti kutoka Madrid wamekuwa wakizipima tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wamesimika fito juu ya barafu. Msimu ukianza wanapima kina cha theluji penye fito hizo na kuchimba mashimo ili wajue imeshindiliana kiasi gani, na hapo wanapata hesabu ya theluji yote iliyolundikana wakati wa baridi. Msimu ukielekea kwisha wanarudi kwenye fito zile zile kuona kiangazi kimeyeyusha kiasi gani. Mapato toa hasara, mizania ya mwaka mzima imepatikana. Theluji iliyoanguka Julai haihitaji mtu wa kukesha nayo. Imelala pale pale, na mpimaji wa Desemba ataikuta. Ungewaweka watu kule usiku wote ule mrefu wa baridi, ungeongeza gharama ya mafuta na chakula, na kwa swali hili jibu lingekuwa karibu lile lile.

Kazi hii inadai kitu kimoja tu, nacho ni kurudi kila mwaka bila kukosa. Katika mwongo wa kwanza wa vipimo hivyo, barafuto hizo zilipunguza kasi ya kupoteza barafu: theluji ya baridi iliongezeka na viangazi vikapoa. Eneo lote la kaskazini mwa Rasi ya Antaktika lilikuwa limepoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya miongo kadhaa ya joto kupanda kwa kasi. Mtu aliyepima miaka mitano akaenda zake angeweza kutangaza kwamba hatari imekwisha. Waliovumilia wakaendelea kurudi walikuwepo kipindi kile cha kupoa kilipopita na joto likaanza tena kupanda. Ndiyo maana nakasirika mtu anapohesabu miezi ambayo mlango uko wazi na kuacha kuhesabu miaka ambayo mfululizo haujakatika.

Sisi wa Kenya tunalijua pengo la namna hiyo. Barafuto ya Lewis, kwenye Mlima Kenya, ilipimwa kwa fito tangu 1978 hadi 1996, kisha kazi ikasimama mpaka watafiti waliporudi 2010. Ramani zilizochorwa katikati zinaonyesha imepungua ukubwa, lakini mizania ya kila mwaka ya kipindi kile haipo, na hakuna fedha itakayoirudisha.

Haya, bendera nayo ipo, sikatai. Hispania ilijiunga na Mkataba wa Antaktika mwaka 1982, ikafungua Juan Carlos I Januari 1988, na kabla mwaka haujaisha ikapata kura miongoni mwa nchi zinazoamua mambo ya bara lile. Mkataba wenyewe unataka nchi ionyeshe utafiti wa dhati, na kujenga kituo ni njia mojawapo ya kuuonyesha. Lakini kituo kile kilikuja kuongozwa na Josefina Castellví, mtaalamu wa bahari kutoka Barcelona, na mwanamke yule hakuvuka mawimbi ya Drake, mlango-bahari ulio kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ili akalinde bendera.

Mahali ambapo hoja ya wakosoaji inanibana ni Deception. Kisiwa hicho ni volkano hai ambayo bahari imeingia katikati yake. Ililipuka 1967, 1969 na 1970, ikaharibu vituo vya Chile na Uingereza. Kila kiangazi Wahispania hutandaza vipima mitetemo, na mwanzoni mwa 1999 vilinasa mitetemo mingi mno. Ila volkano haingoji Desemba. Vyombo vinavyoachwa peke yake wakati wa baridi ni vichache kuliko mtandao wa kiangazi, na meli za watalii zinaanza kuingia humo mapema msimu ukifunguka. Kwa hiyo anayetaka kuibana Hispania aibane hapo: idai vipima vingi zaidi vya kudumu, betri za kuvumilia giza, na mawasiliano ya setilaiti yanayofikisha data Hispania siku ile ile hata mwezi wa Julai.