Filamu ya zama za dansi Tabora: utamu wake uwe kiasi gani?

Wapenzi wa zilipendwa wakikutana Tabora, haichukui muda kabla mtu hajasema ingefaa itengenezwe filamu ya hadithi kuhusu familia ya mwanamuziki wa dansi wa miaka ya 1970. Baba mpiga solo, mama mzaliwa wa mtaa wa Kanyenye au Isevya hapa mjini, watoto waliokua redio ikiimba sebuleni, na mmoja wao, sasa mtu mzima, anarudi nyumbani kutafuta nyimbo za baba yake. Kwamba filamu hiyo inatakiwa, hakuna anayebisha. Ubishi huanzia kwenye ladha yake. Kuna wanaotaka iwarudishie raha ya enzi zile, na kuna wanaosema raha tupu itakuwa uongo.

Mimi naona ubishi huu ni mzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu ambayo haitajwi sana: picha hatuna. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Bendi za Tabora, Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, zote zilivuma wakati nchi ikizisikia kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Sauti zimebaki kwenye kanda na santuri. Lakini mpiga besi alisimamaje, shati lake lilikuwaje, watu walijipangaje kucheza, hayo yamo vichwani mwa wazee na kwenye picha chache za studio zilizotundikwa ukutani. Filamu ya kwanza itakayoonyesha jukwaa la Tabora la mwaka 1975 haitakuwa na picha ya kuisahihisha. Wajukuu watalijua dansi la babu zao kwa jinsi watakavyoliona humo.

Nianze na wanaotaka utamu, kwa kuwa hoja yao hudharauliwa mapema mno. Wanasema Tabora imezoea kusimuliwa kama mahali pa kupita tu: misafara ya pembe na watumwa, tembe la Livingstone pale Kwihara, reli iliyofika mwaka 1912 ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Wanaosifiwa ni waliopita. Waliokaa hawana hadithi. Dansi ni jambo ambalo mji ulilitoa wenyewe, ukalipeleka kwa wengine. Reli ileile iliyojengwa kubeba mali ilibeba magitaa, ikawaleta wapigaji kutoka Kigoma, ambako muziki wa Kongo ulikuwa ng'ambo tu ya ziwa. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilibeba jina la upande wetu huu wa magharibi. Fahari hiyo ni halali, na mtoto wa Tabora anastahili kuiona kwenye skrini kubwa.

Wana hoja nyingine ambayo naikubali kabisa. Mara nyingi filamu zetu zikitafuta nafasi kwenye matamasha ya nje huongezewa dhiki, kana kwamba Mwafrika haaminiki mpaka alie. Mzee aliyekutana na mkewe ukumbini, wakacheza, wakaoana, wakazaa, hana deni la kumthibitishia mtu yeyote kwamba aliteseka. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na filamu isiyoweza kuonyesha furaha hiyo haijamwelewa.

Hata hivyo, wa upande wa pili hawasemi mambo ya kubuni. Mara nyingi gitaa halikuwa mali ya aliyelipiga. Lilikuwa la mwenye bendi, au la klabu, au la taasisi, na mpigaji aliyekosana na uongozi aliondoka mikono mitupu. Kurekodi redioni kulimpa mtu jina. Cha kula kilitegemea kiingilio kilicholipwa mlangoni. Santuri zilipitia Nairobi kwa kiasi kikubwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia hiyo ikabana. Ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, kisha miaka ya foleni za sukari na sabuni. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, taasisi ya kusimamia haki za watunzi, ni ya mwaka 1999, na kwa baadhi ya wapigaji wale ilikuwa imechelewa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mama. Nyimbo za zama zile zimejaa majina ya wanawake: wanabembelezwa, wanalaumiwa, wanasihiwa warudi. Aliyebaki nyumbani na watoto bendi ikiwa safarini mikoani hakuimbwa sana. Filamu za kukumbuka mambo ya zamani zina tabia ya kumweka mlangoni akitabasamu, khanga begani, akimsubiri msanii wake. Nani alilipa ada ya shule? Nani aliuza karanga na asali ili jiko liwake? Na baba aliporudi baada ya wiki kadhaa akiwa na jina kubwa na mfuko mwepesi, walizungumza nini usiku ule? Mwandishi wa mswada asiyekwenda kuwauliza hayo akina bibi wa mitaa ya Ng'ambo na Gongoni, akabaki kuzungumza na wanamuziki peke yao, ataleta nusu ya nyumba.

Ndiyo maana siafiki njia ya kugawa, eti nusu saa ya raha, nusu saa ya machungu. Maisha ya nyumba zile hayakugawanyika hivyo. Wimbo mmoja ukipigwa redioni, baba alisikia usiku ukumbi ulipofurika. Mama, kwenye kiti cha pembeni, alisikia usiku ambao hakurudi. Filamu inaweza kuupiga wimbo uleule mara mbili, kila mara tukiwa na sikio la mtu tofauti, bila mhusika yeyote kuhutubia. Anayetaka utamu ataupata wote. Anayetaka ukweli ataupata bila kupigiwa kelele.

Kuhusu lugha sina mengi. Waigizaji wasizungumze kama vijana wa Dar es Salaam wa leo, na nyumbani Kinyamwezi kisikike. Mtu akiamka asalimiwe mwangaluka.

Muziki wenyewe unahitaji uamuzi mgumu zaidi. Kuna wanaotaka rekodi za asili tu, maana ile sauti ya studio ya RTD haipatikani tena kwa kuiga. Wengine wanataka nyimbo zipigwe upya, vijana wa leo wapate kazi. Kwangu, redio ya sebuleni itoe rekodi ya asili, na jukwaani wapige vijana, vidole vyao vionekane kwenye nyuzi. Kwa vyovyote vile, ruhusa na malipo ni lazima, kwa kuwa sheria yetu hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na familia nyingi zingali ndani ya muda huo. Itakuwa aibu filamu inayolia juu ya msanii aliyekufa bila malipo itumie wimbo wake bure. Fungu hilo liingie kwenye bajeti kabla kamera haijakodiwa, na mwishoni yaandikwe majina ya wapigaji wote, mpiga ridhimu na mpiga tumba wakiwemo, kwa herufi zinazosomeka.